Gari la Kututosha

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo Mama ametupima kwa futi yake ya ushonaji. Amekataa kunipima nimesimama. Anasema mteja aliyesimama humdanganya fundi, akienda kukaa ndipo gauni linapopasuka. Basi nikakaa kwenye stuli ya jikoni, naye akazungusha macho kama enzi zile za cherehani yake barazani. Nyonga zangu, nikiwa nimekaa, sentimita 49. Mume wangu nyonga 46 lakini mabega 55. Mama mwenyewe alijipima akanong'ona namba, akaniambia nisiiandike, kwa hiyo siandiki.

Kilo zetu hazina siri, zimejaa kwenye kadi za kliniki: mimi 112, mume wangu 121, Mama 98. Jumla 331. Hizo ndizo kilo zinazopanda Vitz yangu kila Jumatatu tunapompeleka Mama kwa daktari wa magoti kabla ya kwenda kazini.

Vitz haijanikosea. Ni kwamba tukiwa wawili mbele, bega la mume wangu linakaa kwenye kiti changu. Kichwa cha mkanda kinazama chini ya paja langu, nakitafuta kwa vidole kama mtu aliyeangusha hereni. Na Mama akishuka nyuma, mlango ni mfupi, inabidi atangulize kichwa, kisha mkono, kisha lawama.

SACCOS ya kazini imekubali mkopo. Nikiuza Vitz na kuongeza hapo, tuna milioni 16. Masharti ya mume wangu: isile mafuta. Masharti ya Mama: asipande na asitumbukie. Mimi nataka kukaa bila kubanwa, basi.

Jumanne, 11 Juni

Mama hapendi maneno ya jumla. Amenionyesha kwa vitendo. Kitanda chake kina kimo cha sentimita 58 kutoka sakafuni. Akikaa hapo huinuka mwenyewe. Kochi la sebuleni ni 42, hapo anaita mtu. Kwa hiyo kiti cha gari nakitafuta karibu na 58. Kikiwa chini sana anatumbukia, na kutoka ni kazi ya watu wawili. Kikiwa juu sana anaparamia, na goti la kulia halitaki kuparamia.

Ajabu ni kwamba kila tangazo la gari linakwambia cc, mwaka, rangi, kilomita, muziki, rimu. Kimo cha kiti hakuna anayekitaja. Itabidi kutembea na futi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefungua faili la Vitz kutafuta kadi ya gari kwa ajili ya kuuza, nikakutana na ile karatasi ya Kijapani iliyokuja nayo, pamoja na tafsiri. Mhasibu kama mimi akiona namba mbili hawezi kujizuia kutoa moja kwenye nyingine. Uzito wa gari tupu, uzito wa gari likiwa na watu wote. Tofauti yake ni kilo 275. Gari la watu watano. Gawa.

Kilo 55 kwa mtu.

Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kuna nini. Kumbe Japani ndivyo sheria yao ya usajili inavyohesabu: abiria mmoja, kilo 55. Sisi watatu tumeshakula nafasi ya Wajapani sita. Si kwamba gari litakatika katikati, hiyo ni hesabu ya makaratasi, lakini inakuonyesha mwili gani ulikuwa kichwani mwa waliolichora.

Halafu kuna hili la upana. Siku zote nilidhani Premio ni gari pana, Vitz ni jembamba. Nimeangalia vipimo: Vitz yangu ya umbo la pili, milimita 1,695. Premio 1,695. Fielder 1,695. Wish ya kawaida 1,695. Gari la harusi na gari la mwalimu, upana mmoja! Sababu ni sheria ile ile ya Japani. Gari likitaka kubaki daraja dogo, lile ambalo namba yake huanza na 5, lisizidi mita 1.70 kwa upana, mita 4.70 kwa urefu, mita 2 kwa kimo, na injini ya petroli isizidi cc 2,000. Likizidi kimojawapo linahamia daraja la namba 3. Zamani daraja hilo lilitozwa kodi nzito sana. Mwaka 1989 kodi ya kila mwaka ikaanza kufuata ukubwa wa injini badala ya umbo, lakini vichochoro vya kule havikupanuka, na viwanda vikaendelea kuchora magari yanayoishia milimita tano kabla ya mpaka.

Kwa hiyo sisi huku Kimara, Dar es Salaam, tunabanwa mabega na sheria ya barabara za watu wengine. Premio unayolipia zaidi inakuongezea urefu wa miguu na buti, si nafasi ya bega.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada tumezunguka yadi za barabara ya Bagamoyo. Dalali aliyetupokea ni kijana mchangamfu, akampa Mama shikamoo nzuri, akamletea kiti cha plastiki, kisha akatuangalia sote watatu na kutoa hukumu: "Mama, kwa familia yenu hii, chukueni Harrier. Gari ndogo mtaiua. Na itawanywea mafuta kwa sababu ya uzito."

Hili la uzito nilikuwa nimelisoma. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema mzigo wa ziada wa paundi 100, yaani kilo 45 hivi, unapunguza umbali kwa lita kwa takriban asilimia moja, na gari dogo huathirika zaidi kidogo. Sisi watatu tunawazidi Wajapani watatu wa kwenye karatasi kwa kilo 166. Ni kama asilimia nne. Kuacha gari la cc 1,500 na kuchukua hilo la 2,400 ili kukwepa hasara ya asilimia nne ni hesabu ambayo bosi wangu asingeipitisha. Nilimwambia dalali hivyo kwa upole, akasema, "Dada, wewe unafanya kazi TRA?"

Mama aliijaribu Harrier. Ilikuwa na kiti cha sentimita 71. Alishika mlango, akaweka mguu, akautoa. "Hii ya kupandia ngazi," akasema, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki.

Crown: mume wangu aliingia akakaa kimya muda mrefu. Kiti kipana, mto laini, bega halikugusa kitu. Niliona namna alivyokuwa akiushika usukani. Cc 2,500. Nikamkumbusha sharti lake mwenyewe, akatoka.

Premio tuliyoipima kiti cha mbele kilikuwa 51 kutoka ardhini. Mama aliingia vizuri, yaani alianguka ndani vizuri. Kutoka ndiyo ikawa habari nyingine. Na gari lote lina kimo cha milimita 1,475, kichwa cha mume wangu kikagusa kitambaa cha paa. Dalali akashauri alaze kiti. Aliyelaza kiti haoni matuta, na Dar es Salaam bila kuona matuta ni kununua shokapu kila msimu.

IST. Hapa nilipata kitu. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ni 1,695 kama ndugu zake. Lakini IST ya umbo la pili ina 1,725. Sentimita tatu tu, na bado nilizisikia kwenye bega. Kwa nini hii imeruhusiwa kuvuka mpaka? Nitalifuatilia.

Alhamisi, 20 Juni

Binamu yangu wa Mombasa amepiga. Anacheka kwamba sisi Watanzania tunanunua magari ya umri wa watoto wa sekondari. Kwao gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingii kabisa, mwaka huu ni la 2017 kuja juu. Kwetu linaingia ila unalipia uzee wake: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, gari lililovuka miaka minane linaongezewa asilimia 15, likivuka kumi 30. Kwa bajeti yetu, kuagiza hakuna. Tutanunua lililokwishaingia, namba D.

Jumamosi, 22 Juni

Raum! Nimeandika kwa alama ya mshangao na siifuti.

Mwenye nalo ni mzee mstaafu wa Mbezi, anauza kwa sababu wanawe wamemletea jingine. Raum ya umbo la pili, ya 2005. Kwa nje ni gari la kawaida kabisa, hata lina sura ya upole. Kisha mzee akaenda upande wa kushoto, akafungua mlango wa mbele, akasukuma wa nyuma kwenda nyuma, na pale katikati palipopaswa kuwa na nguzo hapakuwa na kitu. Nguzo imejengwa ndani ya milango yenyewe. Uwazi wote ule ni karibu mita moja na nusu. Mama alisimama mbele yake kama aliyefika benki akakuta hakuna foleni. Aligeuka, akakaa, akaingiza miguu. Hakutanguliza kichwa. Hakulaumu mtu.

Na kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi, mlango huo mpana unafungukia pembeni mwa barabara, upande wa bodaboda wachache. Waliochora gari hili waliwafikiria wazee na wagonjwa, inaonekana kila mahali: vishikio vikubwa, swichi kubwa, sakafu iliyo chini. Injini ni 1NZ ya cc 1,496, ile ile ya IST na Probox na Fielder, spea zake unazipata kwenye maduka ya Gerezani hata jioni.

Ningelinunua pale pale. Tatizo ni dereva. Mume wangu alirudisha kiti nyuma mpaka mwisho wa reli na goti bado linagusa chini ya usukani. Upana ni ule ule wa daraja la namba 5, na sisi wawili mbele tukawa kama tulivyo kwenye Vitz. Fundi aliyekuja na mzee akasema hilo dogo, atatoboa matundu mapya sakafuni asogeze reli nyuma kwa sentimita kumi. Nimemshukuru. Kiti cha gari kinashikilia kilo 121 siku ya ajali, na mimi sitaki kishikiliwe na matundu ya drili ya chini ya mwembe.

Nyumbani Mama hakusema kitu juu ya Raum mpaka usiku. Kisha: "Mlango ule…"

Jumatano, 3 Julai

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wametoa bei kikomo za mafuta. Petroli bado iko juu ya 3,000 hapa Dar. Kwa hesabu zangu natumia 3,200 ili kichwa kisichoke.

Tunatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi, karibu zote ndani ya foleni ya Morogoro Road. Gari la kilomita 10 kwa lita linataka lita 120, shilingi 384,000. La 13 linataka 92, kama 295,000. Tofauti ni 89,000 kwa mwezi, rejesho zuri la SACCOS.

Vitz yangu, yenye injini ndogo ya silinda tatu, tukiwa watatu na kiyoyozi, inatoa 11. Kila mtu hushangaa nikimwambia. Injini ya cc 996 ikibebeshwa kilo 331 na kupandisha vilima vya Kimara, mguu unakuwa umekanyaga muda wote na sindano iko juu. Uchache wa cc unaliwa na jasho. Ya 1,500 inafanya kazi hiyo hiyo bila kupiga kelele.

Zile kilomita 20 kwa lita za kwenye matangazo ni vipimo vya maabara za Japani. Vya zamani wanaviita 10-15, vya baadaye JC08. Gari juu ya rola, kiyoyozi hakijawashwa, hakuna trafiki wa Ubungo anayeita upande mmoja kwa dakika ishirini.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mume wangu amekwenda uwanjani kuangalia magari ya umeme ya Wachina, amerudi na vipeperushi na kofia. Kiti kizuri, anasema. Bei hakuuliza, ambayo ni dalili kwamba aliuliza.

Jumamosi, 13 Julai

Leo zamu ya magari ya mseto, ya petroli na umeme. Prius ya kawaida tuliiruka, ipo chini mno kwa Mama. Lakini kuna Prius Alpha, kaka yake mrefu: upana milimita 1,775, imeshavuka mpaka wa daraja kwa kujiamini. Bega langu na la mume wangu yalikaa bila kusalimiana. Usukani wake unapanda, unashuka na pia unavutika kuja kwako, jambo ambalo kwa mtu mwenye tumbo ni kubwa kuliko muziki na rimu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inashauri kati ya kifua cha dereva na katikati ya usukani pabaki angalau sentimita 25, kwa sababu begi la hewa hulipuka kwa nguvu. Kwenye Vitz, ambayo usukani hauvutiki, nikisogea nifikie pedali napata 19. Hapa nilipata 28.

Na foleni ndiyo nyumbani kwa gari la aina hii. Likifunga breki linavuna umeme, likisimama injini inazima, likisogea taratibu linatumia betri. Dereva wa abiria aliyekuwa analiuza anasema mjini hapungui 18 kwa lita, na akanionyesha namba kwenye dashibodi.

Fundi wetu alituvuta pembeni. Betri kubwa hupumua kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi letu likiziba kichujio, au abiria akiegemeza begi pale, betri inachemka na inazeeka kabla ya wakati. Si ugonjwa usiotibika, ila anataka mtu anayejua. Alilifungua, akatoa kichujio: sufu ya vumbi nene kama blanketi la bweni.

Bei waliyotaka inazidi bajeti kwa karibu milioni nane. Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu. Gari la 11 kwa lita kwa mwezi linakunywa lita 109, hili 67. Naokoa lita 42, kama 135,000. Milioni nane zitarudi baada ya miaka mitano kasoro kidogo, ikiwa betri itakaa kimya muda wote huo. Kwa mtu wa teksi anayepiga kilomita 4,000 kwa mwezi ningemwambia usingoje. Kwetu sisi, hapana. Mume wangu amenuna kidogo, alishaanza kuchagua rangi ya zulia.

Jumamosi, 20 Julai

Jibu la swali la IST limeleta gari.

IST ile pana imevuka mita 1.70 kwa sababu haikuchorwa kwa Wajapani peke yao. Toyota walikuwa na jina la vijana kule Marekani, Scion, na IST hii wakaiuza kule kama Scion xD. Nikajiuliza: ni gari gani jingine la Scion lililopita Japani na kufika kwetu? Liko kila mahali, tunalipita kila siku, lile la kiboksi. Rumion.

Huko Marekani liliitwa xB la umbo la pili, lilianza 2007. La kwanza lilikuwa lile bB dogo, na walipolichora upya kwa Wamarekani wakalinenepesha kila upande. Wapenzi wa lile dogo walilalamika sana kwamba limekuwa bonge. Bonge! Mimi nilijua hapo hapo kwamba tumefika. Upana milimita 1,760, kimo 1,630. Wamarekani wakawekewa injini ya cc 2,400, Wajapani wakaligawia ya 1,500 na 1,800. Maana yake nini? Kwamba kuna mwili wa Kimarekani wenye injini ya 1NZ, na upo Sinza unauzwa.

Tumekwenda watatu, na futi. La 2010, namba D, rangi ya fedha iliyochoka. Kiti cha mbele kutoka ardhini: 60. Mama alikaa kama anavyokaa kitandani kwake, akageuza miguu, akatulia. Akatoka bila kushikwa, akarudi tena ndani bila kuombwa. Nyuma mlango unafunguka vizuri na paa liko juu. Hautoshi kuitwa Raum, Mama alisema hivyo kwa sauti, lakini kichwa hakitangulii. Kati ya koni ya katikati na mlango nilipima nafasi ya kiti changu: nyonga 49 zimekaa, na kichwa cha mkanda kimesimama nje ya paja ninakiona kwa macho. Mkanda ulifungwa na ukabaki mrefu wa kutosha. Sehemu ya chini niliipitisha chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, inavyotakiwa; mikanda mifupi huwalazimisha watu wengi wa umbo letu kuipitisha juu ya tumbo, na siku ya ajali ndipo inapokata. Kifua na usukani: 27.

Mume wangu alirudisha kiti, akaweka mikono kwenye usukani, akapepesa macho kutafuta spidi. Mita zake zote ziko katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Hilo hakulipenda. Pia nguzo za nyuma ni nene, ukirudi nyuma unahitaji imani au kamera. Na kiti cha nyuma kilikuwa na harufu ya samaki, mwenye gari akasema ni ya jana tu.

Jumatano, 24 Julai

Gereji. Fundi amelinyanyua kwa jeki, ameliunganisha kwenye mashine, ameonja oili kama mpishi. Injini imenyooka. Bushi za mbele zimekwisha, shokapu mbili za nyuma zinavuja. Nikamwambia kilo zetu bila kuzungukazunguka, kwa sababu fundi asiyeambiwa uzito atafunga springi yoyote. Ameshauri springi mpya za nyuma za kiwango cha kiwandani, si zile za kuongezewa raba katikati. Raba hizo hupandisha gari lakini hulifanya liruke kama punda.

Amenifundisha pia kusoma tairi. Baada ya namba za ukubwa kuna namba moja ya mzigo. Za Rumion hii zimeandikwa 91, maana yake kila tairi linabeba kilo 615. Nikakumbuka kuangalia za Vitz: 81, kilo 462. Na upepo ujazwe kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango kinavyosema, si kama kijana wa kujaza upepo anavyopenda. Tairi laini nalo linakula mafuta.

Mwenye gari alitaka milioni 15 na nusu. Nilimwekea mezani karatasi ya fundi: bushi, shokapu, springi, na kuosha viti. Tumefika 14 na laki mbili.

Jumamosi, 3 Agosti

Limehamishwa umiliki, bima kubwa imekatwa, limeoshwa kwa siki na magadi mpaka samaki wamesalimu amri. Vitz imechukuliwa na mwalimu mmoja mwembamba wa Goba, anaifurahia mno, na kwa mwili wake ana haki ya kuifurahia.

Mzee wa Raum alipiga kuuliza kama bado tunaitaka. Mama ndiye aliyepokea simu. Walizungumza nusu saa, na siyo yote yalikuwa ya gari.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana ilikuwa Nanenane, tulikwenda Morogoro kwenye maonyesho. Kabla ya kuondoka nilijaza tenki mpaka pampu ikakata, kurudi nikajaza kituo kile kile, pampu ile ile, nikagawa kilomita kwa lita. Watu watatu, kiyoyozi, gunia la mchele na mikungu ya ndizi wakati wa kurudi: 13.9. Mjini wiki hii ya kwanza, kwa hesabu hiyo hiyo, imetoa 10.8, na foleni ya Kimara ilikuwa ya kawaida yake.

Mama alisinzia kuanzia Chalinze, miguu imenyooka. Alipoamka Kibaha hakuomba tusimame anyooshe goti.

Mume wangu anasema gari ni zuri ila limekaa kizee, anataka rimu za inchi 18. Nimemweleza kwamba rimu kubwa huja na tairi zenye ubavu mwembamba, kila shimo litapiga moja kwa moja mgongoni mwa Mama, na uzito wake nao unakula mafuta. Akasema anajua, ila angalau 17. Nikamwambia rimu atafunga siku atakayonunua Crown yake, kwa SACCOS yake.

Ameniuliza fomu zinachukuliwa wapi.